KWENDA KIBONDO KULA NA KURUDI



Wanafunzi wa zamani kumi na wawili walipoondoka Kasulu alfajiri kwa pikipiki, wakavuka milima hadi Kibondo, wakala ugali wa muhogo kwa maharage na migebuka, na kurudi siku ile ile, vijana wa kidato cha nne walicheka. Waliona wazee wanachoma petroli bure. Lakini katika historia ya Buha safari ya namna hiyo ni jambo geni kabisa, nami kama mwalimu wa historia niliyestaafu naona yafaa tuelezane sababu.

Zamani, Kasulu ilikuwa katika utawala wa Heru, na Kibondo katika Muhambwe, kila upande na Mwami wake. Watu walitembeleana, ndiyo, lakini kwa haja maalumu: harusi, msiba, ng'ombe, majembe, na zaidi ya yote chumvi ya Uvinza, ambayo ilibebwa kichwani siku nyingi. Anayekwenda alilala njiani. Kwenda kula tu na kurudi lingekuwa jambo la kichekesho.

Kisha ikaja reli. Ilifika Kigoma mwaka 1914, na baada ya vita Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1921, Buha ilifanywa ghala la vibarua. Hapa hatukuletewa mashamba makubwa wala viwanda. Tuliletewa wakala wa kuandikisha watu. Tangu mwaka 1944 kazi hiyo ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Mtu wa Kibondo aliaga wazazi, akapewa namba yake (ndipo likatoka neno manamba) na kupelekwa Tanga au Morogoro. Wale wa mwanzo walishuka hadi kwenye reli kwa miguu. Mkataba ulipokwisha wengine walirudi na shuka, sufuria na fedha kidogo ya mahari. Wengine hawakurudi kabisa, na hata leo ukienda Korogwe au Muheza utakuta wajukuu wao. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia ya barabara yetu: kwa miaka mingi ilikuwa barabara ya kutoka.

Hata vijiji vinavyoonekana kandokando yake si vya kale kama mnavyodhani. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi kwa sababu ya malale, wakaacha mashamba yao yakageuka pori. Na mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwaleta wananchi waliokuwa wametawanyika mabondeni wakae pamoja karibu na barabara.

Mwaka huo huo wa 1972 wakimbizi kutoka Burundi walianza kuingia kwa wingi, na tena baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi zikajengwa Mtabila, Kanembwa na Nduta, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Sasa barabara ikawa ya kuingilia. Silaha nazo ziliingia. Mlioko madarasani hamkuyaona, lakini kuna miaka ambayo majambazi waliteka magari katika mapori haya, na mabasi yalikwenda kwa msafara yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Abiria walinyamaza kimya mpaka wavuke Malagarasi. (Mto huo nao ni msafiri wa ajabu: huanzia milima ya mpakani, huzunguka mashariki hadi kwenye mabwawa, kisha hugeuka magharibi na kuingia Ziwa Tanganyika, si mbali sana na ulikoanzia.)

Pikipiki, kwa muda mrefu, ilikuwa chombo cha wakubwa. Tulipokuwa shuleni tuliijua ya padri na ya bwana shamba. Tukisikia mlio wake tulijua nani anakuja kabla hajatokea mlimani. Bodaboda zilienea nchini miaka ya 2000, na mwaka 2010 serikali ikatoa kanuni za kuzipa leseni ya kubeba abiria. Ndipo mkulima wa kawaida naye akaanza kupanda. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kukopesha fedha za lami ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kilomita 260 hivi. Kabla ya hapo, masika ikikolea, hata lori lilikuwa likilala kwenye tope.

Wale kumi na wawili, watano ni watoto wa manamba. Mmoja wao bado anatunza kipande cha baba yake. Namwomba kila mwenye karatasi ya namna hiyo nyumbani, au picha ya kambi ya kuandikishia watu, ailete katika mkutano ujao ili mhariri apate kuinakili kabla mchwa hawajaimaliza.