Uzi, Kosa na Hitilafu: Historia Fupi ya Istilahi Tatu za Kompyuta

Apitaye Mwananyamala humkuta fundi cherehani barazani. Uzi wa chini ukimwishia bila yeye kujua, sindano huendelea kupanda na kushuka, nguo husogea, lakini mshono haupo. Mfano huu ndio utufanyao tulipende neno uzi kwa kila mojawapo ya kazi ziendazo sambamba ndani ya programu moja.

Lugha ya Python ilitolewa kwa umma na Guido van Rossum, Mholanzi, mwaka 1991. Programu yake yaweza kuwa na nyuzi nyingi, kila mmoja ukingoja jibu la mtandao. Hitilafu isipodakwa katika uzi mdogo, uzi huo hufa peke yake, huku uzi mkuu ukiendelea kama kwamba hapana lililotukia. Tena, soketi isiyowekewa ukomo wa muda yaweza kungoja pasipo mwisho.

Dawa zilikuja hatua kwa hatua. Toleo la 3.2, la mwaka 2011, lilileta utaratibu tuuitao ahadi: uzi mkuu uombapo matokeo, hitilafu ya uzi mdogo huletwa mbele yake. Toleo la 3.3, la mwaka 2012, lilizipa hitilafu za mtandao majina mbalimbali: kukataliwa muunganisho, kukatika kwake, kupitwa na muda. Toleo la 3.8, la mwaka 2019, lilimwezesha mwandishi kuchagua la kufanya na hitilafu zisizodakwa katika nyuzi.

Kwetu jambo hili si nadharia tupu. Nyaya za baharini za Seacom na EASSy zilianza kutuhudumia mwaka 2009 na 2010. Tarehe 12 Mei, 2024, zote mbili zilipatwa na hitilafu, na mtandao ukadorora nchini. Siku hiyo hata programu iliyoandikwa sawasawa ilikosa njia. Je, mwandishi wake alikosea?

Hapa ndipo neno kosa linapopotosha, maana kosa lina mkosaji. Kosa husahihishwa, hitilafu hutazamiwa: hujaribiwa tena baada ya kitambo, kwa idadi maalumu, kisha uzi mkuu huarifiwa. Hivyo basi twapendekeza kosa libaki kwa upungufu wa mwandishi, na hitilafu iwe kwa lile limfikalo kutoka nje. Wasomaji wenye maoni tofauti twawaomba watuandikie.