Pantoni ya MV Nyerere na Maswali ya Korona

Wadau, kabla ya kirusi kulikuwa na korona mwingine. Huyu ni hakimu anayechunguza kifo kisicho cha kawaida, kuzama majini kukiwemo. Sheria yetu ya Uchunguzi wa Vifo ni ya mwaka 1980, lakini cheo chenyewe ni cha Waingereza, tena cha tangu 1194. Maswali yake ni mepesi kuyataja: marehemu ni nani, amekufa lini, wapi na vipi? Kumtia mtu hatiani si kazi yake.

Kuna jambo moja katika historia hiyo linalonivutia kila nikilisoma. Zamani Uingereza, kitu kilichoua mtu kilichukuliwa na mfalme, iwe farasi, mkokoteni au boti, au mwenyewe alilipa thamani yake. Wanasheria wa kale walifundisha kwamba meli ya baharini haiguswi, ila mtu akianguka kutoka chombo cha maji baridi akazama, chombo na shehena yake vyote vinatwaliwa. Ajali za treni zilipoanza kuyagharimu makampuni fedha nyingi, utaratibu huo ukafutwa mwaka 1846.

Maji baridi ndiyo yetu sisi watu wa ziwani.

Alhamisi ya Septemba 20, 2018 ilikuwa siku ya gulio Bugolora, kaskazini mwa kisiwa cha Ukerewe, ambacho makao yake ya wilaya ni Nansio. MV Nyerere iliondoka hapo kwenda Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101 na tani 25. Ikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wanaliona. Hesabu ya serikali ilifika vifo 228 na manusura 41. Mmoja wa manusura hao, fundi wa pantoni, alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilichopinduka.

Jumlisha mwenyewe: 269 kwenye chombo cha watu 101.

Rais Magufuli aliliambia taifa kwamba nahodha hakuwemo, na usukani alimwachia mtu asiye na mafunzo. Bodi ya TEMESA ikavunjwa, mkurugenzi wake akaondolewa, tume ikaundwa. Ndivyo ilivyokuwa hata baada ya MV Bukoba mwaka 1996, iliyoletewa tume ya Jaji Kisanga. Sizibezi tume. Ila tume huanza na chombo: kilibeba tani ngapi, nani alikikagua. Korona huanza na mtu mmojammoja, na swali lake la kwanza ni jina.

Na jina ndilo lililokuwa gumu Ukara. Mkata tiketi alikufa na mashine yake ikapotea, hivyo orodha ya abiria ikabidi itafutwe kwa ndugu waliopanga foleni kutambua miili ufukweni. Ambao hawakutambuliwa walizikwa palepale Bwisya Septemba 23, pamoja na wengine.

Siku chache baadaye pantoni iligeuzwa na kuvutwa hadi nchi kavu. Njia ile leo ina chombo kipya, MV Ukara II, chenye uwezo wa abiria 300. Ukipanda, hakikisha tiketi yako ina jina lako.