Haibridi kabla ya Prius

Gari la haibridi, linalounganisha injini ya mafuta na mota ya umeme, lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1900, mjini Vienna, kijana aitwaye Ferdinand Porsche alikuwa akihangaika na betri. Gari lake la umeme lilikuwa limeonyeshwa Paris mwaka huohuo, likiwa na mota ndani ya magurudumu yenyewe, lakini betri zake za risasi zilikuwa nzito kupindukia na hazikufika mbali. Akafunga injini ya petroli isiyogusa magurudumu hata kidogo: kazi yake ilikuwa kuzungusha jenereta, na jenereta kulisha mota. Moshi wala hali ya hewa havikumkosesha usingizi. Alitaka gari lifike mwisho wa safari.

Chicago walijaribu mwaka 1917 kwa gari la haibridi lililoitwa Woods Dual Power. Liliishia kilomita 56 hivi kwa saa, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya Ford Model T. Petroli ilikuwa nafuu, na tayari kulikuwa na magari yanayowashwa kwa umeme badala ya kuzungushwa hendeli. Nani angelinunua?

Kisa cha Victor Wouk kinauma zaidi. Mhandisi huyu Mmarekani, ndugu wa mwandishi wa riwaya Herman Wouk, alichukua Buick Skylark na kuigeuza haibridi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mpango wa serikali wa kutafuta magari safi. Ilipopimwa mwaka 1974, moshi ulikuwa umepungua mno. Dunia ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye foleni za mafuta za 1973, na bado mpango ukafutwa.

Hata hivyo, ugumu wa haibridi haukuwa siasa peke yake. Injini na mota zikisukuma gari moja, lazima kuwe na wa kuamua, kila sekunde, nani afanye kazi na nani apumzike. Dereva akikanyaga breki, mota igeuke jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kazi hiyo inataka kompyuta.

Hata kwa kompyuta, Toyota walitoka jasho. Mradi wao ulianza mwaka 1993 chini ya Takeshi Uchiyamada. Mwishoni mwa 1995 gari la majaribio liligoma kusogea kwa siku 49. Lilipokubali, lilikwenda kama mita 500 likasimama. Prius ikaingia sokoni Japani Desemba 1997, mwezi uleule Itifaki ya Kyoto ya kupunguza gesi joto ilipopitishwa.

Kwa kuwa Wajapani nao huendesha kushoto, haibridi zao zilizotumika ziliishia pia Mombasa na Dar es Salaam, na hapo swali la mnunuzi likabadilika: betri ikifa, itakuwaje? Ya Prius ya kizazi cha pili ina vipande 28 vilivyopangwa kama vitabu kwenye rafu. Fundi mjuzi hakimbilii kuuza mpya. Hukata umeme, hufungua kifuniko, hupima kimoja kimoja na kutoa kile kinachovuta wenzake chini.