Kazi ya Jicho Isiyoonekana: Hoja ya Kupima Uoni wa Karibu Tulia

Mwanafunzi wa Tulia, Kaunti ya Kitui, anapoinua macho kutoka kwenye daftari kutazama ubao, lenzi iliyo ndani ya jicho lake hubadilika umbo bila yeye kuhisi lolote. Mwaka 1801 Thomas Young alilizamisha jicho lake majini, akaifuta nguvu ya konea (tabaka angavu la mbele ya jicho), na bado akaweza kulenga vitu vya karibu na vya mbali. Ndipo ikabainika kuwa kazi hii si ya konea, na ushahidi ukaelekea kwenye lenzi. Swali gumu ni hili: lenzi hujuaje iongeze nguvu au iipunguze? Ukungu peke yake haujibu. Herufi hufifia lenzi ikizidisha nguvu, na hufifia vilevile ikipungukiwa, ilhali dawa ya hali moja ni kinyume cha nyingine.

Hata hivyo, jicho halibahatishi. Kwa kawaida, baada ya theluthi ya sekunde hivi, huanza kuelekea upande ulio sahihi. Dalili mojawapo inayoliongoza ni rangi. Mwanga wa buluu hupindwa zaidi kuliko mwekundu, na kutoka ncha moja ya rangi tunazoziona hadi nyingine, tofauti hufikia diopta 2 hivi (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Lenzi ikipungukiwa nguvu, ukingo wa herufi hupata wekundu hafifu. Ikizidisha, hupata ubuluu. Sisi wenyewe hatuutambui ukingo huo, lakini mfumo wa kuona huutumia. Mwaka 1951 Mwingereza Edgar Fincham alieleza kwamba katika mwanga wa rangi moja tu, zaidi ya nusu ya watu aliowapima hawakulenga kama walivyolenga katika mwanga mweupe. Waliosalia waliendelea vyema, kwa kuwa zipo dalili nyingine: macho mawili kugeukiana, ukubwa wa kitu tunachokifahamu, na mitikisiko midogo ya lenzi yenyewe.

Kwangu mimi maana ya matokeo hayo ni moja. Kuona sawasawa ni tunda la kazi isiyokoma, na anayepima tunda peke yake hajaipima kazi.

Mtazame mama wa miaka 45 anayesuka kiondo cha makonge. Nyuzi mbili hupishana kuuzunguka kila uzi wa msingi, na rangi ikikosewa safu moja, ua lote huharibika. Akikishika kiondo sentimita 33 kutoka usoni, jicho linadaiwa diopta 3. Umri huo humwachia diopta 4 hivi, na kwa muda mrefu mtu hustahimili kutumia nusu tu ya akiba yake. Hesabu hiyo inamsukuma hadi nusu mita, na ndiyo maana kiondo kinahamia magotini. Kwenye chati ya kupimia macho iliyowekwa mita 6 mama huyu huenda akasoma mstari wa mwisho bila taabu. Utafiti uliofanyika Kongwa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2006 ulikuta tatizo hili la kuona karibu kwa takriban watu 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi.

Kwa mtoto, kazi hiyo hujificha zaidi. Mwenye jicho fupi huongeza nguvu ya lenzi hata anapotazama mbali, akafaulu kuisoma chati, kisha akaingia kwenye kitabu akiwa ameshatumia sehemu ya akiba. Kichwa humuuma, mistari humchanganya, na mwalimu humwona mvivu. Kenya imepiga hatua kubwa katika upimaji shuleni: jaribio la Trans Nzoia, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kuwa upimaji wa walimu kwa simu, pamoja na ujumbe wa kukumbusha, uliwafikisha hospitalini asilimia 54 ya watoto waliogunduliwa na tatizo, dhidi ya asilimia 22 kwa njia ya kawaida. Nauheshimu sana utafiti huo. Lakini chati ya mbali, hata ikiwa ndani ya simu, haimkamati mtoto huyu.

Kinachomkamata ni rahisi: mvishe lenzi ya diopta +2 kisha asome tena chati ya mbali. Jicho la kawaida litaona ukungu. Likiendelea kusoma, lenzi hiyo imelipokea mzigo liliokuwa likiubeba lenyewe, na mtoto apelekwe kliniki. Kwa hiyo nawaomba wasimamizi wa afya wa kaunti za Kitui na Makueni: kila begi la upimaji linalofika shuleni libebe jozi moja ya lenzi hizo pamoja na kadi ya kusoma kwa karibu, na wazazi wanaokuja kuwachukua watoto wapimwe kwa kadi hiyohiyo.