Kulenga Masafa

Kwenye redio za zamani, kupata stesheni ilikuwa kazi ya vidole. Mtu alizungusha kitufe huku mshale ukitembea juu ya namba, akapita kwenye mikwaruzo, akarudi nyuma kidogo mpaka sauti itulie. Waswahili waliita kazi hiyo kutafuta stesheni, na jina lilistahili.

Katika redio ya programu hakuna anayetafuta. Hii ni redio ambayo kazi nyingi zilizokuwa za saketi zimehamia kwenye msimbo. Mmarekani Joseph Mitola aliieleza dhana hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Antena hupokea mawimbi, chipu huyageuza kuwa namba, na programu hufanya yaliyobaki. Anayetaka kusikia Capital FM ya Nairobi, inayotangaza kwenye megahertzi 98.4, huandika tu hertzi 98,400,000.

Kwa tendo hilo, linaloitwa tuning kwa Kiingereza, neno linalofaa ni kulenga. Sababu imo ndani ya msimbo wenyewe. Maktaba ya msimbo ya UHD, inayoendesha redio za programu za USRP za Ettus Research, hupokea ombi la masafa kisha hurudisha jibu lenye namba za aina mbili: zilizokusudiwa na zilizofikiwa. Saketi inayozalisha wimbi la ndani, lile ambalo kifaa hutumia kushusha masafa ya mawimbi yaliyopokewa, husogea kwa hatua, na hatua hizo si lazima ziangukie hasa pale palipoombwa. Kiswahili tayari kina lugha lengwa na hadhira lengwa. Masafa lengwa yanaingia humo bila kusukumwa, na jozi yake ni masafa halisi.

Kulenga kwenyewe hufanyika mara mbili. Kwanza wimbi la ndani huwekwa karibu na masafa lengwa, na saketi hushusha masafa ya mawimbi yaliyopokewa. Kisha hesabu za kidijitali huhamisha kile kilichobaki. Mpangilio huu una faida kubwa, kwa sababu redio nyingi za aina hii huacha mwiba wa kelele katikati kabisa ya upana zinaoupokea, pale penye wimbi la ndani. Mwandishi wa msimbo anaweza kuagiza wimbi hilo likae 99.4, megahertzi moja pembeni, kisha hesabu zirudishe 98.4 katikati. Mwiba hubaki kando, na matangazo hutoka safi. Anayejua kutafuta stesheni tu hawezi kueleza hatua hii. Anayesema kulenga anaweza, kwa kuwa mlengaji hupima hata mwachano kati ya wimbi la ndani na masafa lengwa.

Neno masafa nalo linahitaji uangalifu. Lilitoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na watangazaji walipozungumzia masafa mafupi walikuwa wakitaja urefu wa wimbi: mita 10 hadi 100. Lakini wimbi likiwa fupi, idadi ya mitetemo kwa sekunde huwa kubwa, kati ya megahertzi 3 na 30. Neno moja likabeba vipimo viwili vinavyopishana. Kulifuta sasa ni kupoteza neno ambalo kila msikilizaji analijua. Afadhali masafa yabaki ya hertzi, na mita ziitwe urefu wa wimbi.

Chaneli ndiyo inayopotosha zaidi. Kwa mtazamaji wa televisheni, chaneli ni kituo. Katika msimbo ni njia ndani ya kifaa, kuanzia tundu la antena hadi kwenye namba, na huhesabiwa kuanzia sifuri. Kwa hiyo njia ya kupokea na njia ya kurusha ni majina yaliyo wazi zaidi. Chipu ya AD9361, iliyomo kwenye USRP B210, ina njia mbili za kupokea na mbili za kurusha. Upande wa kupokea una wimbi lake la ndani, na upande wa kurusha una lake, hivyo kifaa kinaweza kusikiliza hapa na kurusha kule kwa wakati mmoja. Lakini njia 0 na njia 1 za kupokea hugawana wimbi moja. Haziwezi kulenga masafa yaliyoachana sana. HackRF One, redio nyingine ya programu, hupokea au hurusha, kimoja kwa zamu, na msimbo wake lazima ubadilishe upande kwanza.

Upande wa kurusha una sharti ambalo kompyuta haiulizi: kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya. Namba ya masafa lengwa ya njia ya kurusha hutoka kwenye kibali hicho, ndipo iingie kwenye msimbo.