Mzee Yuko Ngazi ya Ngapi?

Mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Lawrence Kohlberg aliwasilisha tasnifu ya udaktari iliyotokana na majibu ya wavulana wa Marekani. Mkasa wake maarufu ni wa Heinz: mkewe anakufa kwa saratani, mwenye dawa anataka dola 2,000, naye amekusanya 1,000 tu. Je, aibe? Kohlberg hakujali sana kama unajibu aibe au asiibe. Alisikiliza sababu, kisha akaipanga kwenye ngazi sita. Chini kabisa yuko anayeogopa adhabu. Ya tatu ni ya anayetaka kuwa mtu mwema kwa walio karibu naye. Ya nne ni ya anayelinda sheria za jamii nzima. Juu yake wapo wanaosimamia haki za kila binadamu, hata sheria ikisema vingine.

Hakuwa wa kwanza kuchora ngazi. Jean Piaget, mwaka 1932, aliandika jinsi watoto wa Uswisi wanavyozielewa kanuni za mchezo wa gololi. Erik Erikson, mwaka 1950, aliyagawa maisha katika hatua nane, toka uchanga hadi uzee. Tofauti yao ni kubwa kuliko inavyoonekana darasani. Kwa Erikson, umri unampandisha kila mtu. Suala ni amepandaje. Kwa Kohlberg, babu anaweza kuzeeka akiwa chini ya mjukuu wake.

Na hapa Afrika Mashariki ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1975 Carolyn Pope Edwards alichapisha utafiti wake wa Kenya. Wazee walioheshimiwa kwa kusuluhisha migogoro vijijini waliangukia zaidi ngazi ya tatu; ya nne ilionekana zaidi kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Edwards hakusema wazee wamedumaa. Alieleza kwamba ya tatu inatosha pale watu wanapojuana kwa sura, na ya nne inahitajika kwa anayeishi kati ya ofisi, mahakama na wageni. Miaka kumi baadaye John Snarey alipitia tafiti 45 kutoka nchi 27. Ngazi za chini alizikuta karibu kila mahali, lakini za juu hazikuonekana katika jamii za vijijini. Akahoji kama kipimo chenyewe kinasikia maadili ya ujamaa.

Nami nina swali hilo mezani. Kwa ajili ya shahada ya uzamili ninahoji wazee wa Mwendakulima, Kahama, jirani na mgodi wa Buzwagi ambao sasa umefungwa. Mmoja alinisikiliza hadi mwisho wa kisa cha Heinz, akauliza, "Ukoo wake ulikuwa wapi?" Nikamwambia kisa hakisemi. "Basi hicho si kisa cha mtu. Mtu hauguziwi mke peke yake." Kwa mwongozo wa alama, hiyo ni ngazi ya tatu. Kwangu mimi, alikuwa ameona shimo ndani ya swali lenyewe.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kumsifu mzee na kuitupa ngazi. Siwezi, kwa sababu mkoa wetu una historia nyingine. Usukumani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, macho ya kupikia kuni miaka na miaka. Mara nyingi tuhuma zilianzia kwa ndugu na majirani, watu wa kujuana kwa sura. Sungusungu, walioanzishwa na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukomesha wizi wa ng'ombe, walirudisha usalama ambao polisi walishindwa kuuleta. Baadhi yao pia waliwaandama washukiwa wa uchawi. Bibi aliyekataliwa na ukoo wake anahitaji mtu wa kusema: huyu haguswi, hata kama kijiji kizima kimekubaliana.

Kwa hiyo karatasi yangu ya alama ina safu mbili. Ya kwanza ni namba ya Kohlberg, kwa kuwa wasimamizi wangu wanaihitaji. Ya pili haina namba. Ndani yake naandika watu ambao kila mzee, na kila msomi ninayemhoji, amewataja anapoeleza haki, na wale ambao hakuwataja kabisa.