Namba 1 na Namba 196

Aprili 1995, jijini New York, klabu ya Cincinnati Bengals ilimchagua Ki-Jana Carter kabla ya chipukizi mwingine yeyote wa futiboli ya Kimarekani. Alikuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Penn State, kijana mwepesi wa miguu, na Bengals walimtaka kiasi cha kubadilishana nafasi na Carolina Panthers ili wawe wa kwanza kuchagua. Majina yakaendelea kuitwa. Ilipofika raundi ya sita, 195 wakiwa wameshachukuliwa, Denver Broncos wakamtaja mkimbiaji mwingine: Terrell Davis wa Georgia, ambaye hata chuoni hakuwa na uhakika wa namba.

Agosti ya mwaka huohuo, katika mechi yake ya kwanza ya maandalizi, Carter alipokea mpira kwa mara ya tatu na kano ya goti ikakatika. Msimu wake uliisha kabla ligi haijaanza. Davis alikuwa Tokyo, ambako Broncos walikwenda kucheza mechi ya maandalizi, akiwa miongoni mwa wale wanaosubiri mwisho wa benchi. Alipoingizwa, alimkaba mpinzani mmoja kwa kishindo ambacho makocha hawakukisahau. Hadi anastaafu, Carter alikuwa amekimbia yadi 1,144. Davis alikimbia 2,008 katika msimu mmoja tu, ule wa 1998, akatwaa ubingwa mara mbili, na mwaka 2017 akaingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo.

Msomaji aliyezoea usajili wa soka anahitaji kufafanuliwa kidogo. Katika ligi ya NFL klabu hazigombei kwa fedha vijana wanaotoka vyuoni. Mara moja kwa mwaka huchagua kwa zamu, raundi baada ya raundi, na timu iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inayoanza. Wamarekani wanauita utaratibu huo drafti, na hauhusiani na drafti ya vizibo vya soda inayochezwa vibarazani. Ukimchagua mmoja umewaacha wengine wote, na zamu yako ikirudi waliobaki si walewale.

Mkimbiaji, au raningi beki, ndiye anayekabidhiwa mpira mkononi na kuingia nao katikati ya msitu wa miili. Mbele yake wapo wazuiaji watano wanene ambao kazi yao ni kusukuma ukuta wa wapinzani hadi upenyo upatikane. Upenyo ukiwepo, anakimbia. Usipokuwepo, anagongwa na watu wawili au watatu kwa pamoja, kisha anainuka na kukabidhiwa tena.

Je, mtu wa namna hiyo anastahili kuchaguliwa mapema? Kwa muda mrefu swali hilo halikuulizwa kabisa.

Utaratibu wenyewe ulibuniwa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona klabu zenye fedha zikiwabeba vijana bora kila mwaka huku yake ikiambulia makapi. Mwaka 1935 aliwashawishi wenzake, na Februari 1936 uteuzi wa kwanza ukafanyika katika hoteli ya Ritz-Carlton mjini Philadelphia. Jina la kwanza kabisa katika historia hiyo lilikuwa la mbeba mpira: Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Eagles walimuuza kwa Chicago Bears kabla hajavaa hata jezi, Bears hawakukubali mshahara alioutaka, na Berwanger akaenda kufanya biashara ya sponji. Hakucheza mechi hata moja ya kulipwa.

Hilo halikumtisha mtu. Mpira wa enzi hizo ulisonga kwa miguu, na timu iliyokuwa na mkimbiaji hodari ilikuwa na kila sababu ya kujiona tajiri. O.J. Simpson alikuwa wa kwanza kuchaguliwa mwaka 1969, na mwaka 1973 akawa mtu wa kwanza kuvuka yadi 2,000 katika msimu mmoja, tena wa mechi 14. Walter Payton alichaguliwa wa nne mwaka 1975. Ricky Bell alikuwa wa kwanza mwaka 1977, Earl Campbell 1978, Billy Sims 1980, George Rogers 1981. Ni vigumu kuwalaumu waliowachagua. Campbell peke yake aliibadilisha Houston Oilers kuwa timu ya kuogopwa.

Kilichobadilika ni sheria. Mwaka 1978 ligi ilikataza mlinzi kumgusa mpokeaji wa pasi akishavuka yadi tano kutoka mpira ulipoanzia, na wazuiaji wakaruhusiwa kuzuia kwa mikono iliyonyooshwa na viganja wazi. Kwatabeki, yaani mrusha pasi, akapata sekunde za kufikiri na wapokeaji wake wakapata nafasi ya kukimbia. Leo pasi moja huleta wastani wa takribani yadi saba na mbio moja huleta takribani nne na kidogo. Hesabu hiyo haikueleweka mara moja. Eric Dickerson, aliyechaguliwa wa pili mwaka 1983, alikimbia yadi 2,105 mwaka uliofuata, rekodi ambayo haijavunjwa hadi sasa, na kwa kila mkimbiaji kama yeye wakuu wa klabu walipata sababu ya kuendelea na mazoea.

Wengine walilipa gharama kubwa zaidi ya nafasi moja. Oktoba 1989 Minnesota Vikings walimchukua Herschel Walker kutoka Dallas Cowboys, timu iliyomaliza msimu huo na ushindi mmoja tu, na kwa ajili yake wakatoa wachezaji pamoja na lundo la nafasi za uteuzi. Walker hakufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote aliocheza Minnesota. Dallas walizitumia nafasi hizo kujenga kikosi kilichotwaa ubingwa mara tatu katika misimu minne. Mmoja wa waliopatikana humo alikuwa Emmitt Smith, namba 17 mwaka 1990, aliyestaafu na yadi 18,355, nyingi kuliko mkimbiaji yeyote. Smith alikuwa bora. Lakini alikimbia nyuma ya wazuiaji ambao wapinzani walichoka kuwasukuma, na yeye mwenyewe hakuacha kuwashukuru.

Miaka kumi baadaye kocha Mike Ditka wa New Orleans Saints alirudia kosa la Minnesota. Alitoa nafasi zote za timu yake za mwaka 1999, na mbili za mwaka 2000, ili ampate Ricky Williams wa Texas. Saints walishinda mechi tatu na kupoteza 13, na Ditka akafukuzwa. Williams hakuwa mkimbiaji mbaya: mwaka 2002, akiwa Miami, aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,853. Alichokosa New Orleans ni timu, na timu hiyo ilikuwa imetolewa ili yeye apatikane.

Wakati huo Denver ilikuwa inatoa somo kila mwaka. Kocha mkuu Mike Shanahan na kocha wa wazuiaji Alex Gibbs waliwafundisha watu wao wasonge pamoja kuelekea upande mmoja kama wimbi, na mkimbiaji asubiri, aone ufa, akate mara moja. Davis alipoumia goti mwaka 1999, namba yake ilishikwa na Olandis Gary, chaguo la raundi ya nne, akakimbia yadi 1,159. Mwaka 2000 akaja Mike Anderson, mwanajeshi wa zamani wa majini aliyechaguliwa raundi ya sita: yadi 1,487. Mwaka 2002 akafuata Clinton Portis wa raundi ya pili: yadi 1,508. Miguu ilibadilika, njia ikabaki ileile. Portis alipokuwa katika ubora wake, Denver wakampeleka Washington na kumpokea Champ Bailey, mmoja wa walinzi bora wa kizazi chake, pamoja na nafasi ya raundi ya pili juu yake.

Ungedhani mjadala ungeishia hapo. Mwaka 2005 wakimbiaji watatu walichaguliwa ndani ya tano bora: Ronnie Brown, Cedric Benson na Carnell Williams. Raundi ya tatu ya uteuzi huohuo, nafasi ya 65, San Francisco 49ers wakamchukua Frank Gore, ambaye magoti yake yote mawili yalikuwa yamefanyiwa upasuaji chuoni na klabu nyingi zilimwogopa. Gore alicheza misimu 16 na kufikisha yadi 16,000 kamili, wa tatu katika historia ya ligi. Ukijumlisha yadi za wale watatu, hazifikii zake.

Pigo lililowazindua wengi lilikuwa la Trent Richardson. Cleveland Browns walimchagua wa tatu mwaka 2012, na baada ya msimu mmoja na mechi mbili wakamwachia kwa Indianapolis Colts, nao wakatoa nafasi ya raundi ya kwanza kumpata. Hakuwafaa pia. Mwaka 2013 na tena 2014 raundi nzima ya kwanza ilipita bila mkimbiaji hata mmoja kutajwa, jambo ambalo lingemshangaza yeyote aliyemwona Campbell akikimbia.

Upande wa pili wa hadithi hii unahusu watu, na hauzungumzwi vya kutosha. Makubaliano ya kazi ya mwaka 2011 yalishusha mishahara ya chipukizi na kuwafunga kwa mikataba ya miaka minne, huku klabu zikiwa na hiari ya kuwaongezea wa tano wale wa raundi ya kwanza. Kwa mrusha pasi si tatizo, kwa kuwa anaweza kucheza hadi anakaribia miaka 40. Mkimbiaji huwa katika kilele chake katika miaka hiyohiyo minne ya mshahara mdogo, na ikiisha anaambiwa mwili umechoka. Todd Gurley alipewa na klabu ya Rams mkataba mkubwa mwaka 2018, goti likamsumbua, na mwaka 2020 akaachwa akiwa na miaka 25. Le'Veon Bell wa Pittsburgh alikaa nyumbani msimu mzima wa 2018 kwa kukataa kanuni inayoiruhusu klabu kumzuia mchezaji mwaka mmoja mmoja kwa mshahara uliopangwa. Julai 2023 wakimbiaji mashuhuri walikutana kwa njia ya mtandao, kikao kilichoitishwa na Austin Ekeler, kujadili namna soko lao lilivyoporomoka. Hawakuwa na silaha ya kushika. Kansas City Chiefs walikuwa wametoka kutwaa ubingwa na Isiah Pacheco, chaguo la 251 mwaka 2022, aliyempokonya namba Clyde Edwards-Helaire, chaguo lao la raundi ya kwanza miaka miwili kabla.

Hata hivyo, kusema wakimbiaji wote ni sawa ni kukosea kwa upande mwingine. Dallas walimchagua Ezekiel Elliott wa nne mwaka 2016, naye akaongoza ligi kwa yadi msimu wake wa kwanza huku timu ikishinda mechi 13. Detroit Lions walikosolewa vikali mwaka 2023 kwa kumchagua Jahmyr Gibbs nafasi ya 12, na msimu huo wakafika nusu fainali ya ligi kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 1991. Timu zote mbili zilikuwa tayari na wazuiaji wa daraja la juu. Mkimbiaji alikuwa paa lililoezekwa juu ya nyumba yenye kuta.

Hapo ndipo wazo zuri la Bert Bell linapomuumiza mkimbiaji. Anayechagua kwanza ni timu mbovu kuliko zote, na timu mbovu mara nyingi haina wazuiaji. Mrusha pasi anaweza kuvumilia miaka mitatu ya ujenzi. Mkimbiaji anachakaa wakati ukuta ukijengwa. Wakati Las Vegas Raiders, walioshinda mechi nne tu mwaka 2024, walipomchagua Ashton Jeanty wa Boise State nafasi ya sita Aprili 2025, swali halikuwa kipaji chake, maana alikuwa ametoka kukimbia yadi 2,601 katika msimu mmoja wa chuo. Swali lilikuwa nani atamfungulia njia.

Aliyeyaishi hayo yote kwa mwili mmoja ni Saquon Barkley. New York Giants walimchagua wa pili mwaka 2018, wakawaacha warusha pasi Josh Allen na Lamar Jackson, ambao baadaye kila mmoja alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Barkley alifikisha yadi 2,028 za mbio na pasi katika mwaka wake wa kwanza, na Giants wakapoteza mechi 11. Mwaka uliofuata wakapoteza 12. Mwaka 2020 goti lake likakatika katika mechi ya pili. Mwaka 2023 wakamzuia kwa mshahara wa mwaka mmoja, na Machi 2024 wakamwacha aende Philadelphia Eagles kwa mkataba wa miaka mitatu wa dola milioni 37.75.

Philadelphia alimkuta Jordan Mailata, mtu mkubwa kutoka Australia aliyetokea kwenye raga. Eagles walimchagua mwaka uleule wa 2018, nafasi ya 233, wakamfundisha kuzuia kuanzia sifuri. Nyuma ya Mailata na wenzake, Barkley alikimbia yadi 2,005 katika mechi 16. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Giants, na yadi 101 zilitosha kumvua Dickerson rekodi ya miaka 40. Nafasi ya Eagles katika mtoano ilikuwa imeshajulikana. Kocha Nick Sirianni akaamua kuitunza miguu ile, na Barkley akaitazama mechi hiyo akiwa pembeni. Tarehe 9 Februari 2025, siku aliyotimiza miaka 28, Eagles waliifunga Kansas City 40 kwa 22 na kuwa mabingwa.